Betri Tatu na Ndege Mmoja

Sisi tukaao komini ya Kabondo, mjini Kisangani, twajua vema kwamba umeme ni mgeni asiyepiga hodi. Pengine huja saa nane za usiku, watu wamelala fofofo; taa iliyosahauliwa yamulika chumba kama mchana, na mara nyumba nzima yaamka. Huyu atafuta simu yake, huyu atafuta pasi, mama aenda kutazama kama friji ingali nzima. Sisi hukimbilia kasha dogo lililo juu ya kabati, ambamo mna chaja na betri za kamera. Jirani zetu wamekwisha kuzoea kutucheka. Husema kwamba watu wengine huamka usiku kwa ajili ya mtoto aliaye, lakini sisi huamka kwa ajili ya betri. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyakani.

Riziki yetu hutoka katika picha za arusi, za ubatizo, na za wanafunzi wapokeao vyeti. Katika kazi hiyo betri si taabu kubwa. Ikikwisha, mtoto hutumwa mbio kwa mwenye jenereta, na bibi arusi atangoja, hata kama atanuna kidogo. Ndege wa msituni hangoji. Habari hiyo ndiyo tutakayo kuwasimulia leo, pamoja na kosa letu moja ambalo tulitamani lisahauliwe. Lakini yeye tuliyemkosea ametuambia tuliandike, nasi hatuna budi.

Mwaka juzi, mwezi wa Februari, ambapo mvua hupungua kidogo huku kwetu, tulishika barabara ya Ituri kwa pikipiki, tukaenda hata kijiji kimoja cha upande wa Bafwasende. Tulifuatana na mpwa wetu, mwana wa dada yetu, ambaye wakati ule alikuwa katika mwaka wa sita wa sekondari. Ni kijana mwenye macho makali na mdomo mchache. Mwenyeji wetu alikuwa mzee aliyekuwa mwindaji katika ujana wake, na ambaye sasa macho yalikuwa yanaanza kufifia. Alituita kwa haja moja tu. Wajukuu zake hawakumsadiki alipowasimulia habari za tausi wa msitu wetu. Wao walimwona tausi katika kitabu cha shule, mwenye mkia mrefu uliojaa macho, na kitabu kilisema kwamba nchi yake ni India. Basi walimwambia, "Babu, huyo wako ni kuku wa ndotoni." Mzee alichomwa na neno hilo. Akatuambia, "Mwanangu, mimi sitaki nyama yake tena. Nataka sura yake katika karatasi, kabla macho yangu hayajafungwa."

Wala si wajukuu hao tu waliokosa kusadiki. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, aliyekuja Kongo pamoja na Herbert Lang kwa ajili ya makumbusho ya New York, aliona huko Avakubi, kando ya mto Ituri, unyoya mmoja katika kofia ya mtu. Hakuna aliyeweza kumwambia kwa hakika ni wa ndege gani, akauweka. Ikapita miaka 23. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa na kusahauliwa juu ya kabati, na kibandiko kikisema kwamba ni tausi wachanga wa kufugwa. Hapo akautambua unyoya wake. Hivyo ndivyo wataalamu walivyomjua tausi wa Kongo, ambaye wawindaji wetu walikuwa wakimla tangu zamani. Dume ni mweusi mwenye mng'ao wa buluu na kijani, ana ushungi mweupe uliosimama wima, na shingo nyekundu isiyo na manyoya. Jike ni wa rangi ya kahawia, na mgongo wake ni wa kijani. Mkia wao ni mfupi. Usiku hulala juu ya mti, nao huitana, dume na jike, mmoja akipaza sauti na mwenziwe akimjibu. Mchana hutembea chini kwa miguu, kimya, kama wenye deni.

Twaweza kuongeza hapa kwamba Lang, mwenziwe Chapin, alipiga maelfu ya picha katika misitu yetu kati ya mwaka 1909 na 1915, bila ya betri hata moja. Picha zake zilikuwa juu ya vioo, nao wapagazi walivichukua vichwani mwao. Mzigo wa picha ulikuwa mzito shingoni mwa watu. Siku hizi mzigo huo ni mwepesi, lakini wafa mkononi.

Tuliondoka na betri tatu. Ya kwanza ni ile iliyokuja pamoja na kamera, nayo ilikuwa imekwisha kuzeeka. Ya pili tuliinunua sokoni kwa bei ya kumfurahisha mtu yeyote. Ya tatu ilikuwa mpya na nzuri. Kitabu cha kamera kilisema kwamba betri moja yatosha kwa picha 310. Tukapiga hesabu: mara tatu ni 930, na siku zetu ni nne. Tukaona kwamba tu matajiri.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotudanganya, na tungependa vijana wasomao gazeti hili waielewe vema. Ile idadi iandikwayo kitabuni hupimwa katika chumba kitulivu, betri ikiwa mpya, kwa picha zinazofuatana kwa muda maalumu. Hakuna mpimaji akaaye chini ya mti saa tatu akingoja ndege, huku kidole chake kikigusa kifyatuo ili kamera isilale. Kamera yetu ni ya namna hizi mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Katika kamera za zamani jicho huona msitu wenyewe kupitia kioo na lenzi, na kutazama hakuna gharama. Katika hii yetu jicho laona sinema ndogo iliyowashwa ndani ya kitundu. Basi kutazama tu kwala betri. Lenzi nayo hutafuta shabaha mbele na nyuma kila tuigusapo, na mtambo wa kuzuia mtikisiko hufanya kazi hata kama hakuna picha ipigwayo. Siku ya kwanza tulipiga picha 52, za nyani na hondohondo, na jua lilipotua betri ya kwanza ilikuwa imekwisha.

Ya pili, ile ya sokoni, ilionyesha kwamba imejaa hata saa nne ya asubuhi ya siku ya pili, kisha ikazimika ghafula bila ya kuonya. Tulipotaka kuitoa iligoma, maana ilikuwa imefura kama maharagwe yaliyolowekwa. Mpwa wetu aliitoa kwa subira kubwa. Betri iliyofura haifai kuchajiwa tena kamwe, wala kutobolewa, wala kutupwa motoni, maana yaweza kulipuka na kuwaka. Tuliifunga katika kopo tupu la maziwa, tukaliweka mbali na hema.

Ikabaki moja. Siku ya tatu tuliitumia kwa woga, na jioni ilikuwa na zaidi ya nusu. Kijijini jioni ile, watoto walimzunguka mpwa wetu, naye akawaonyesha picha za nyani kwenye kioo cha kamera, kwa muda wa robo saa hivi. Sisi tukaichukua kamera, tukaiunganisha na simu yetu kwa ule mtandao usio na waya, ili chifu aone picha yake kwa ukubwa. Akaiona, akafurahi. Tukaiweka kamera mkobani, tukalala.

Usiku tuliwasikia. Sauti moja juu, nyingine ikijibu. Mzee alitugusa bega, akasema, "Wako hapo karibu na kijito." Kabla ya mapambazuko tulikuwa tumekwisha kukaa kimya nyuma ya mzizi mkubwa wa mti, na umande ukitutiririkia shingoni. Kulipopambazuka dume alishuka. Alitembea mbele yetu, umbali wa hatua 15 au pungufu, akakwangua majani, akasimama, akainua kichwa, na ule ushungi mweupe ukang'aa katika giza la msitu. Tuliinua kamera. Ilionyesha alama nyekundu ya betri, ikapepesa mara mbili, ikawa nyeusi.

Mzee hakuona wazi, kwa macho yake, lakini alisikia miguu ya ndege katika majani. Akanong'ona, "Mmempata?" Hatukujibu. Ndege aliendelea na safari yake, wala hakuwa na haraka.

Sasa yafika kosa letu. Tulimgeukia kijana, tukamwambia mbele ya Mzee na mbele ya wanaume wawili waliotuongoza kwamba yeye ndiye aliyeimaliza betri kwa kuwachezea watoto. Kwamba hajui thamani ya kitu. Kwamba safari ya watu wazima si mahali pa kujionyesha. Tulisema mengine ambayo hayafai kuandikwa. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, Mjomba." Njia nzima ya kurudi hakusema neno, nasi tuliona kwamba kunyamaza huko ni ushahidi wa kosa lake.

Tulipofika Kabondo, na umeme ulipokuja siku ya pili yake, tulifungua simu ili kutafuta picha ya chifu. Tulikuta picha zote za safari, 400 na zaidi, kila moja ikiwa na saa ya kupokelewa. Ya kwanza ilipokelewa saa mbili ya usiku ule wa tatu. Ya mwisho, saa sita na nusu. Kamera haikulala. Tuliisahau imeunganishwa na simu, na ndani ya mkoba ule ilikuwa ikituma picha moja baada ya moja hata betri ikafika ukingoni. Robo saa ya watoto ilikuwa kama tone tu. Ndoo tuliimwaga sisi wenyewe.

Tulikaa na simu ile mkononi kwa muda mrefu. Twakiri kwamba wazo la kwanza lilikuwa la kufuta picha na kunyamaza. Jioni tulikwenda nyumbani kwa dada yetu, tukamwita kijana mbele ya mama yake, tukamwonyesha zile saa, tukaomba radhi. Yeye alitazama, akahesabu kwa vidole, akasema, "Nilijua, Mjomba. Taa ndogo ya kamera ilikuwa ikiwaka mkobani. Nilidhani mmeiacha kwa makusudi." Dada yetu akauliza kwa nini hakusema kule msituni. Akajibu, "Mjomba alikuwa akisema yeye."

Tangu siku hiyo umeme wa safari zetu uko chini ya mamlaka yake. Alifungua daftari, akalitia mistari: betri ipi, ilitiwa lini, imebaki asilimia ngapi, imefanya nini. Kila betri ina namba yake, iliyoandikwa kwa wino juu ya kipande cha plasta. Iliyojaa hukaa mfuko wa kulia, iliyokwisha mfuko wa kushoto, kila moja na kifuniko chake, maana vyuma vya betri vikigusana na funguo au sarafu mfukoni vyaweza kuwasha moto. Mtandao usio na waya hufungwa kabisa kabla hatujatoka Kisangani. Kioo cha nyuma hupunguzwa mwangaza, na ile desturi ya kutazama kila picha baada ya kuipiga imekatazwa, isipokuwa ya kwanza ya siku, ili kujua kama mwanga umepimwa sawasawa. Sheria kubwa ni hii: tunapongoja, kamera imezimwa, na twatazama kwa darubini, ambayo haili kitu. Kamera zetu huamka kwa muda wa kupumua mara moja, na muda huo watosha, mradi mtu amekwisha kumwona mnyama kwa jicho au kumsikia kwa sikio. Mwanzoni tuliona uvivu wa kamera ni hasara. Baadaye tuligundua kwamba twaona wanyama wengi zaidi kuliko zamani.

Juu ya betri kubwa za akiba, zile ziitwazo pawabenki, kijana alitufundisha hesabu tusiyoijua. Yetu imeandikwa milliampea-saa 20,000, na betri ya kamera milliampea-saa 1,000. Tulidhani itaijaza mara 20. "Hapana, Mjomba," akasema. Ile kubwa ni ya volti 3.7, hii ndogo ni ya volti 7.2. Ukizidisha wapata wati-saa 74 kwa ile, na 7.2 kwa hii. Basi ni mara 10, na sehemu nyingine hupotea njiani kuwa joto. Tumejaribu kweli, tukapata mara 6, na siku moja mara 7. Paneli ya jua tuliinunua pia, lakini chini ya miti yetu mirefu ni kama kuanika nguo ndani ya pango. Yafaa tu kando ya mto au katika uwanja wa kijiji. Wenzetu wapandao milima, kama Ruwenzori, wana taabu nyingine: baridi hupunguza nguvu ya betri, nao huziweka kifuani zipate joto. Sisi adui yetu ni joto lenyewe, nalo huzizeesha mapema, hasa zikihifadhiwa zimejaa. Tukiwa nyumbani muda mrefu twaziacha katika nusu, mahali penye kivuli.

Kuna jambo jingine ambalo hutuuma kila tushikapo betri. Ndani ya nyingi za betri hizi mna kobalti, na sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia huchimbwa nchini mwetu, kule Kolwezi na pande zake. Mto Lualaba upitao karibu na migodi ile ndio huu uangukao mbele ya macho yetu hapa Kisangani, penye mitego ya Wagenia. Maji yatufikia bila malipo. Kobalti yapita baharini, yazunguka dunia, kisha yaturudia sokoni katika kijibetri kilichofura, nasi twakinunua kwa franki zetu. Huenda siku moja njia hiyo itafupishwa. Kwa sasa, mpwa wetu hukataa kununua betri isiyo na uzito wa kutosha mkononi, na mara nyingi huwa amesema kweli.

Mwaka jana, mwezi ule ule, tulirudi kwa Mzee. Betri zilikuwa mbili nzuri, na pawabenki moja, na daftari. Siku ya kwanza na ya pili hatukuona chochote ila nyayo. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi hata jioni, kamera haikutoka mfukoni, na kijana aliandika katika mstari wake: "Hakuna." Siku ya nne, saa kumi na mbili na nusu, tulikuwa nyuma ya mzizi ule ule. Macho yetu yalikuwa yamechoka kwa darubini, hata kijana akatugusa mkono. Alikuwa amesikia majani. Tulimpa kamera, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu. Jike alipita, wa kahawia, mgongo wake ukiwa na ule ukijani, na nyuma yake dume. Kamera iliamka, ikalia mara nne, taratibu. Kisha kijana akaizima.

Tulimwambia, "Hebu tazama kama zimetoka."

Akatikisa kichwa, akaitia kamera mkobani. "Imebaki asilimia 61, Mjomba. Tuna siku moja zaidi."

Tulifika kwa Mzee, naye alikuwa amekaa mlangoni, amegeuza sikio upande wetu. Akauliza neno lile lile la mwaka uliotangulia: "Mmempata?" Kijana akamjibu, "Sijui bado, Babu. Tutajua Kabondo."

Umeme ulikuja usiku wa tatu baada ya kurudi kwetu, kama saa tisa hivi. Tuliamka sote, dada yetu pia, tukakaa mbele ya kompyuta. Picha ya kwanza ilikuwa ya majani. Ya pili ilikuwa ya jike, mzima, isipokuwa kichwa, ambacho kilikuwa nyuma ya jani moja pana. Ya tatu ilitikisika. Katika ya nne dume alikuwa amesimama, ushungi juu, jicho moja likitutazama.

Tuliichapa kwa ukubwa wa karatasi ya barua, tukaitia katika plastiki kwa ajili ya unyevu, tukampa dereva wa pikipiki aendaye Bafwasende. Alituambia baadaye kwamba Mzee aliishika karibu sana na uso wake, akaigeuza kuielekeza kwenye mwanga, kisha akawaita wajukuu wote waje, na yule mkubwa kwanza.